SHUKRANI YA BINADAMU KWA PUNDA: Somo Juu ya Kumtunza Mnyama Hadi Pumzi ya Mwisho

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Huenda wewe msomaji umefungua ukurasa huu ukitafuta vichekesho. Vichekesho viko mbele. Mimi nimepewa na mhariri kurasa za somo, nami nimechagua somo ambalo sijaliona likifundishwa darasani kwetu: namna ya kumtunza mnyama aliyezeeka, au anayeugua maradhi yasiyo na dawa, mpaka siku yake ya mwisho.

Najua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, "Huyu naye! Watu hawana maji, yeye atuletea habari za punda mzee." Hebu ngojeni kidogo. Ni hayo hayo maji yanayonifanya nimtaje punda. Hapa mjini Wajir, maji uliyonawia uso leo asubuhi huenda yalitoka kisimani juu ya mkokoteni wa punda. Saruji ya nyumba, kuni, magunia ya sukari, hata mgonjwa asiye na nauli, wote hao hubebwa na punda. Basi swali langu ni dogo tu: punda huyo akishindwa kuvuta, huenda wapi?

NENO NA MAANA YAKE

Kabla ya kufika kwa punda, tuanze kwa binadamu. Mwaka 1967, daktari mmoja Mwingereza aliyeitwa Cicely Saunders alifungua St Christopher's Hospice mjini London. Mama huyu alikuwa amefanya kazi ya uuguzi kabla ya kusomea udaktari, akaona jinsi wagonjwa wasiotarajiwa kupona walivyoachwa pembeni, kana kwamba kazi ya hospitali imekwisha. Yeye akashika msimamo mwingine: dawa ya kuponya ikikosekana, bado ipo dawa ya kutuliza maumivu, lipo shuka safi, yupo mtu wa kukaa karibu na kitanda. Fikira hiyo ilifika kwetu Kenya, na mwaka 1990 Nairobi Hospice ikaanzishwa. Siku hizi wataalamu wa Kiswahili huita kazi hiyo huduma shufaa.

Baadaye madaktari wa mifugo nao wakajiuliza: je, mnyama hana maumivu? Mwaka 2004 daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, aliandika maswali saba ya kumsaidia mwenye mbwa au paka mgonjwa kujua kama maisha ya mnyama wake bado yana raha au yamegeuka mateso matupu. Nitayaeleza maswali hayo hapo chini, maana yanafaa hata kwetu.

Sasa, huko ng'ambo mbwa hulala sebuleni na ana jina lake na sahani yake. Kwetu mambo ni tofauti. Mnyama anayestahili somo hili katika Wajir ni punda, na nitawaambia kwa nini. Ngamia, ng'ombe au mbuzi akidhoofika huchinjwa kabla hajafa, nyama yake ikaliwa, na mateso yake yakakoma siku hiyo. Lakini nyama ya punda wa kufugwa ni haramu kwetu sisi Waislamu. Kwa hiyo uzee wa punda hauna bei. Aghalabu hufunguliwa hatamu, akafukuzwa nje ya mji "akajitafutie". Usiku fisi humfuata akiwa angali hai. Asubuhi utawaona korongo wakubwa wenye vipara wamesimama wakingoja zamu yao.

Na kuna wakati bei ilipatikana, ila ilikuwa bei ya ngozi. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa hapa Kenya. Ngozi zilipelekwa Uchina kutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao. Watafiti wa serikali walihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Wizi wa punda ukazidi, na wachota maji wengi wakabaki na mikokoteni mitupu. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha barani kote kwa miaka 15. Ndiyo kusema punda wetu wameokolewa na kisu. Lakini hawajaokolewa na kuachwa.

WALIOFANYA TAYARI

Isije mtu akasema haya ni mambo ya Wazungu pekee. Katika Laikipia, kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, aliishi kifaru aliyeitwa Sudan. Alikuwa dume wa mwisho duniani wa kifaru weupe wa kaskazini. Aliletwa Kenya mwezi Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya nchi ya Cheki. Alipofika umri wa miaka 45, misuli na mifupa yake ilikuwa imechakaa, ngozi ina vidonda, na mguu wa nyuma wa kulia una uambukizo mbaya. Watunzaji wake, Wakenya wenzetu, walimwosha vidonda na kukaa naye. Tarehe 19 Machi 2018 alishindwa kabisa kusimama. Madaktari wa hifadhi, wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na wa ile bustani ya Cheki wakaafikiana wasimwache ateseke zaidi, wakampumzisha kwa dawa.

Utasema, kifaru huyo ni maarufu, punda je? Twende kwa majirani zetu Lamu. Vichochoro vya mji ule wa kale havipitiki kwa gari, kwa hiyo kila mzigo ni wa punda. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza na Bi Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua huko makao ya punda. Punda wa kisiwa wakatibiwa, na wale wazee na wagonjwa wakapata pa kupumzikia. Punda wa Lamu hana tofauti na punda wa Wajir. Wote masikio ni mawili.

DINI NA SHERIA

Nilimwendea ustadhi wetu wa madrasa nikamwuliza kama haya ninayoandika yana msingi. Akanikumbusha mafundisho mawili ambayo kila mtoto wa madrasa ameyasikia: mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kisha akanitajia mwanachuoni Izz al-Din ibn Abd al-Salam wa Damascus, aliyefariki mwaka 1262. Huyu aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. Mojawapo ni kwamba mwenye mnyama amgharimie chakula hata kama amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Fikiria, msomaji! Miaka mia saba kabla ya hospisi ya London, mtu alikuwa ameshaandika jambo hili.

Sheria ya Kenya nayo haikunyamaza. Ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumnyima mnyama chakula na maji, kumtwika mzigo kupita kiasi, au kumfanyisha kazi ilhali ni mgonjwa au amejeruhiwa, yote ni makosa.

MASWALI SABA

Tatizo la punda ni kwamba halii. Mbuzi akiumia kidole mtaa mzima utajua. Punda huficha maumivu, maana porini mnyama anayeonyesha unyonge huliwa kwanza. Kwa hiyo watu husema, "Yuko sawa, amesimama tu," kumbe anaungua ndani. Ndiyo sababu tunahitaji maswali. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 10. Kumi ni hali njema, sifuri ni hali mbaya kabisa.

1. Maumivu: Je, anapumua vizuri na bila uchungu? Punda mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 28 kwa dakika.
2. Chakula: Je, anakula kwa hamu? Tazama kama anadondosha mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu. Hiyo ni dalili ya meno kwisha.
3. Maji: Je, anakunywa? Bana ngozi ya shingo uiachilie. Ikikawia kurudi, mwili umekauka.
4. Usafi: Je, amekauka na hana vidonda vyenye nzi na mabuu?
5. Furaha: Je, anainua masikio akisikia sauti unayomwitia? Anamsogelea mwenzake?
6. Mwendo: Je, anaweza kuinuka mwenyewe na kufika kivulini?
7. Siku: Je, wiki hii siku nzuri zimezidi siku mbaya?

Jumla kamili ni 70. Daktari Villalobos anasema jumla ikizidi 35, mnyama bado anaweza kuishi kwa raha akitunzwa. Ikishuka chini ya hapo, wenyewe wanapaswa kuketi na kuamua.

Sisi nyumbani tunafanya hesabu hii kila Ijumaa baada ya swala ya Alasiri. Tuna punda jike, mweusi aliyegeuka kijivu. Nilizaliwa nikamkuta. Mama yangu huuza maji, na punda huyo ndiye aliyevuta pipa kutoka kisimani miaka yote hiyo, mpaka magoti yake ya mbele yakavimba, meno yakaisha, na mwaka huu akaanza kujikwaa kwenye mawe meupe ya njia yetu. Sasa mkokoteni unavutwa na binti yake.

Baba alitaka afunguliwe akaende. Baba si mtu katili, jameni, msimfikirie vibaya. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua zilikosekana misimu mitano, na zaidi ya mifugo milioni mbili walikufa katika maeneo makavu ya Kenya. Mbuzi wetu walikuwa miongoni mwao. Mtu aliyeona hayo huhesabu kila konzi ya majani. Akasema, "Mama watoto, chakula cha punda asiyefanya kazi ni karo ya mtoto." Mama alikuwa anafunga mitungi kwa kamba. Hakugeuka. Akauliza, "Na hiyo karo, nani aliivuta?"

Baba hakujibu. Jioni ile alirudi na gunia la pumba.

Kwa hiyo hili si somo nililolitoa hewani. Ijumaa iliyopita tulimpa maumivu 5, chakula 6, maji 8, usafi 5, furaha 5, mwendo 3, na siku 5. Jumla ni 37. Mwezi wa kwanza alikuwa na 46. Si hesabu ngumu kuona njia inaelekea wapi. Tumekubaliana kwamba jumla ikiwa chini ya 35 kwa Ijumaa mbili mfululizo, tutampigia simu daktari wa mifugo.

UTUNZAJI KWA VITU VILIVYOPO

Usiseme huna uwezo. Karibu kila kitu kinachohitajika kipo uani.

Kivuli: Mfunge kwa kamba ndefu chini ya mgunga, au jenga kibanda cha miti na makuti ama mkeka mkuukuu. Punda mzee hushindwa kustahimili jua la saa saba na pia upepo wa usiku.

Chakula: Asiye na meno hawezi nyasi ndefu kavu. Zikate fupi sana, uziloweke majini pamoja na pumba mpaka zilainike kama uji mzito. Mpe kidogo kidogo mara nyingi. Jambo la hatari kujua ni hili: punda akikataa kula, mafuta ya mwili wake humwagika katika damu na kumwua kwa siku chache. Kwa hiyo usingoje kesho. Siku ambayo hakula ndiyo siku ya kumwita daktari.

Maji: Yawekwe karibu naye, katika beseni pana lisilohitaji ainame sana. Yabadilishwe kila siku.

Vidonda: Chemsha maji, yaache yapoe, tia kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita. Osha polepole kwa kitambaa safi. Usitie majivu, mafuta ya gari wala asidi ya betri.

Malazi: Tandaza mchanga laini au nyasi. Akishindwa kuinuka, mgeuze upande kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia. Kazi hii inataka watu wanne na gunia pana. Ni kazi ya vijana kama sisi.

Dawa: Zipo dawa za kutuliza maumivu, lakini kipimo atoe daktari wa mifugo. Usichukue vidonge vya nyanya yako.

Mwenzake: Punda hufanya urafiki wa maisha. Usiwatenganishe wawili waliozoeana eti kwa sababu mmoja ni mgonjwa. Mgonjwa atakata tamaa, na yule mzima huenda naye akaacha kula.

SIKU YA MWISHO

Kuna mnyama atakayekufa mwenyewe usingizini. Huyo ana bahati. Lakini wengine hubaki wamelala chini siku tatu, macho wazi, nzi wamejaa. Hapo ndipo linapokuja lile swali zito: je, inafaa kumpumzisha? Ustadhi aliniambia nisitoe fatwa kwenye gazeti la shule, nami namtii. Anayetaka jibu la dini amwendee sheikh, na anayetaka jibu la tiba amwendee daktari. Ninachoweza kusema ni kwamba daktari ana dawa anayoidunga mshipani. Mnyama hulala usingizi mzito, kisha moyo husimama. Kumpiga mawe, kumwacha barabarani agongwe na lori, au kumwachia fisi, hayo si kupumzisha.

Dawa hiyo ina jambo moja la kuangaliwa. Hubaki ndani ya nyama. Tumbusi, fisi au mbwa akila mzoga huo naye hufa. Kwa hiyo lazima uzikwe kirefu. Na hapa Wajir, ambapo visima vyetu ni vifupi na maji yanapita katikati ya mawe ya chokaa, shimo hilo liwe mbali kabisa na visima. Haifai punda aliyetuletea maji maisha yake yote aje ayachafue baada ya kufa.

Baada ya hapo mwache mwenzake akaribie maiti. Atanusa, atazunguka, pengine atalia. Mwache mpaka aondoke mwenyewe. Wanaofuga punda wameona kwamba aliyemwona mwenzake amekufa hutulia, ilhali aliyenyimwa huzunguka siku nyingi akimtafuta.

MAZOEZI

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Tumeikariri methali hii tangu darasa la nne, tukaiandika katika insha, tukapewa alama. Mimi sina ubishi na wahenga. Wao walizungumza juu ya punda. Somo hili lilikuwa juu ya binadamu.

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa katika somo: hatamu, mabuu, mzoga, konzi, pumba.
2. Kwa nini punda aliyezeeka huteseka katika mazingira yetu kuliko ngamia aliyezeeka?
3. Chagua mnyama mmoja wa nyumbani kwenu au wa jirani. Mpe alama kwa maswali saba. Leta jumla yake katika mkutano wa chama, nami nitaleta ya kwetu.
4. "Chakula cha punda asiyefanya kazi ni karo ya mtoto." Jadili kauli hii kwa pande zote mbili, bila kumdharau baba wala mama.
5. Tunga methali itakayojibu swali hili: shukrani ya binadamu kwa punda ni nini?